Wanaobaki nyumbani Jumapili

Parokia yetu iko upande wa Changamwe, hapa Mombasa. Jumapili kanisa hujaa hadi vijana wakasimama nje chini ya mwarobaini, na watoto wa Utoto Mtakatifu hubanana mbele karibu na altari. Ukiutazama umati ule utadhani kila Mkatoliki wa mtaa amefika. Hawajafika wote. Kuna bibi wa Chaani ambaye hawezi tangu kiharusi kilipomshika upande wa kushoto. Kuna mzee aliyebeba magunia bandarini ujana wake wote na sasa magoti hayamfikishi hata msalani. Kuna kijana aliyeanguka na bodaboda, mguu umejaa vyuma. Na katika kila nyumba ya namna hiyo kuna mtu mwingine ambaye naye haji Misa, kwa sababu hawezi kumwacha huyo wa kwanza peke yake. Wa kwanza angalau jina lake husomwa kwenye maombi ya waumini. Wa pili ndiye ninayemwandikia leo.

Mimi ni mhudumu wa Ekaristi. Siku za kazi ni karani katika ofisi ya mizigo, nashinda na makaratasi ya makasha. Jumapili baada ya Misa ya pili napeleka Komunyo kwa wagonjwa wa mtaa wetu. Wapo waumini, hasa wazee, wanaosita wakiona mlei, tena mwanamke, ameshika Hostia, ule mkate wa Komunyo. Nawaelewa, maana walikulia katika Kanisa ambalo kazi hiyo ilikuwa ya padri na shemasi. Ruhusa ya walei ilitolewa na Papa Paulo VI mwaka 1973, na hali iliyomfanya aitoe ni hii hii tuliyo nayo hapa: wahudumu hawatoshi na wagonjwa wako mbali mbali. Paroko wetu na msaidizi wake wana vigango, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, wana mazishi, wana shule, wana vikao visivyoisha. Wakisema wazunguke wenyewe kila Jumapili, wengine wangemwona Padri Pasaka na Krismasi tu.

Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko ruhusa hiyo. Mtakatifu Yustino, aliyeandika kule Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika Jumapili: wakasoma maandiko, wakaleta mkate na divai, msimamizi akashukuru, watu wakaitikia Amina, wakapokea, na mashemasi wakawapelekea wale wasiokuwapo. Nampenda sana Yustino kwa hilo la mwisho. Hakulitaja kama shughuli ya huruma inayofanywa siku nyingine mtu akipata nafasi. Anaeleza ibada ya Jumapili, na wasiokuwapo wamo ndani yake.

Kutoka kanisani natembea kwa miguu. Kile kisanduku kidogo cha kubebea Ekaristi kimo katika mfuko unaoning'inia kifuani, na juu yake najifunga leso. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 yanasema anayewapelekea wagonjwa Ekaristi aende moja kwa moja, bila kuchanganya na shughuli nyingine, na mimi nayafuata kwa moyo wote. Sipiti dukani, sishiki simu. Malori ya makasha yananipita, vumbi linapanda, matatu zinapiga honi, nami naenda na rozari yangu. Mtaa umenizoea. Yuko mama mmoja Mwislamu anayeuza viazi karai karibu na njia panda, ambaye siku nyingine tukikutana tunaongea mpaka wateja wanalalamika. Aliwahi kuniuliza nimebeba nini kifuani. Nikamwambia. Akasema, "Basi, mama, Jumapili usijisumbue kunisalimia. Nitakusalimia mimi jioni." Tangu hapo akiniona na mfuko ule huinamisha kichwa tu na kuendelea kugeuza viazi vyake.

Bibi wa Chaani anaishi katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku na ujia katikati. Unapita majiko, ndoo za maji, viatu vya watoto. Wapangaji wenzake wakisikia nimebisha hodi, mwenye redio huipunguza, na hakuna aliyewahi kuwaomba wafanye hivyo. Ndani kuna stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, msalaba mdogo, mshumaa. Naiombea amani nyumba ile, tunaungama, nasoma Injili ya Jumapili hiyo, kisha tunasali Baba Yetu. Kiharusi kilimharibia bibi usemi. Akitaka maji anaweza kusema "kiti", akakasirika mwenyewe kwa kuwa anajua silo. Lakini Baba Yetu hutoka lote, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Halafu tunafika kwenye "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu". Kanisani tunayatamka kwa haraka, na wengi tumeshaanza kutazama mstari. Maneno hayo yametoka kwa yule akida wa Kapernaumu katika Mathayo 8, na yeye hakuwa anajiombea. Alikuwa na mtumishi nyumbani, amelala, amepooza, anateseka sana, naye ndiye aliyetoka kwenda kumtafutia msaada. Kwa hiyo katika kila Misa, kila mahali, kabla ya Komunyo sote tunasema maneno ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Jambo hilo lilinijia kwa uzito wake nikiwa kando ya kitanda kile, bibi amelala ubavu, na mkaza mwana wake amepiga magoti karibu na mlango, beseni la maji miguuni pake.

Acha nimweleze huyu mkaza mwana. Mumewe ni dereva wa lori, anakwenda hadi Malaba na kuvuka, akitoka anakaa. Yeye huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anamgeuza bibi, na atamgeuza tena na tena mchana kutwa na usiku, maana mgonjwa wa kitandani akiachwa upande mmoja anatoka vidonda. Anamsafisha, anambadilisha nepi, ambazo za watu wazima bei yake inatisha. Anampa dawa ya presha, anapika uji, anamlisha kijiko kwa kijiko. Mfereji ukiwa mkavu, na kwetu mara nyingi ni mkavu, ananunua maji ya mkokoteni na kuyapimia: haya ya bibi, haya ya watoto, haya ya kupikia. Anatandika kile kitambaa cheupe. Na mimi ninapofika baada ya Misa ya pili, nikiwa nimeoga, nimeimba, nimesikia mahubiri, yeye ameshafanya kazi ya siku nzima.

Kila Jumapili alipiga magoti, akaitikia kila kitu, akainamisha kichwa nilipompa bibi Komunyo, na yeye hakupokea. Nilidhani pana sababu isiyonihusu, na kuna mambo mhudumu haulizi. Siku moja yeye mwenyewe akanisindikiza hadi barazani na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nami nina hamu. Lakini huwa nishakunywa chai. Nikingoja mpaka uje, nitaanguka."

Sheria ya kufunga saa moja kabla ya Komunyo tunaifundisha sana katika katekesi, na ni vizuri. Kinachosahauliwa ni kipengele kinachoifuata. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowahudumia, wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Pamoja na wale wanaowahudumia! Nilipokisoma kipengele hicho kwenye mafunzo yetu nilikisoma kwa kukipita, akili yangu iko kwa wagonjwa. Pale barazani kilinirudia. Mtu aliyekaa na kutunga sheria ya Kanisa zima la Kilatini alimkumbuka mwanamke aliyekunywa chai kwa sababu amekesha.

Nikamweleza. Akaniuliza mara mbili kama Padri anajua. Alitaka kulisikia kwa Padri mwenyewe, na jioni ile paroko akampigia simu. Jumapili iliyofuata alipokea. Nilipomwambia, "Mwili wa Kristo", aliyeitikia Amina kwanza alikuwa bibi, kutoka kitandani, kwa sauti kubwa, kisha yeye.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, kila nyumba ninayoingia: na wewe je? Mara ya mwisho kuungama ilikuwa lini? Unataka Padri akija kumsikiliza mzee akusikilize na wewe? Ni ajabu jinsi swali hilo linavyowashtua watu. Wamezoea kuulizwa hali ya mgonjwa.

Niliipeleka habari hiyo kwenye jumuiya. Wasomaji wa nje ya Kanisa letu huenda hawajui: maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua mwaka 1976 kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndiyo iwe njia yetu ya kichungaji. Ndiyo maana Mkatoliki wa hapa akitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, swali la kwanza ofisini ni jumuiya yako ipi. Tunakutana nyumba kwa nyumba, rozari, Injili ya Jumapili inayokuja, matangazo, mchango. Wakati wa Kwaresima tunapitia kitabu cha kampeni cha maaskofu, kila juma na mada yake, kwa hatua za Ona, Amua, Tenda. Ilikuwa ni Kwaresima nilipolileta jambo hili. Na hapa niseme ninachokiamini: kwenye kuona tuko vizuri, kwenye kuamua tuko vizuri, na tukifika kwenye kutenda mkono unakwenda mfukoni. Mchango si mbaya, umelipia watu dawa na jeneza. Lakini yule dada, mkaza mwana wa bibi, hakuhitaji shilingi mia mia zetu kama alivyohitaji kwenda Misa mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa gauni lake, akae kwenye benchi bila kusikiliza kama kuna mtu anaita.

Tukapanga zamu. Watu wawili wanakwenda nyumbani kwa mgonjwa alfajiri, mwangalizi anaondoka kwenda Misa ya kwanza, wale wawili wanabaki mpaka arudi, nao watahudhuria Misa ya pili. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Dada yule alikataa. Aliona haya ya harufu ya chumba, aliona haya wageni wamwone mama mkwe wake uchi, na alihofu itasemwa kazi imemshinda. Ilibidi mama mmoja mtu mzima wa CWA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, aliyemuuguza mumewe mpaka mwisho, awe anakwenda kukaa naye siku za kawaida, wakichambua mchicha pale ujiani, bila kutaja zamu hata kidogo, mpaka siku dada mwenyewe akasema, "Shangazi, Jumapili ungenishikia."

Wa zamu tuliwafunza. Parokiani tuna muuguzi, alituonyesha jinsi ya kumgeuza mtu kwa shuka badala ya kumvuta kwapani, na kwamba mwenye kiharusi asilishwe amelala chali, akalishwe ameinuliwa, polepole, mpaka uhakikishe amemeza. Hata kwangu lilikuwa somo, maana bibi ninampa kipande kidogo tu cha Hostia na kijiko cha maji baadaye, na lazima nijue amemeza.

Kwa mzee wa magoti ugumu ulikuwa mwingine. Anayemwangalia ni mke wa mwanawe, na kwa mila za wengi wetu mkwe hamwogeshi baba mkwe. Mzee alikuwa akingoja mpaka mwanawe arudi kazini usiku, na mwana akirudi amechoka. Hapa walihitajika wanaume. Wanaume wa parokia yetu wakiitwa kwa ajili ya mabati ya kanisa wanakuja, na hawaji mikono mitupu. Kwa beseni la maji na kitambaa walijitokeza wawili, fundi wa magari na mwalimu, na jambo hili linaniuma, nalisema wazi. Alhamisi Kuu tunaimba kwa machozi Padri anapoosha miguu ya watu kumi na wawili, na wanaume wetu wakichaguliwa kati ya hao kumi na wawili wanaona fahari. Mzee yule anahitaji kuoshwa kila Jumamosi. Fundi na mwalimu huenda jioni, wanamwogesha, wanamnyoa, wanamkata kucha, kisha wanakaa naye kusikiliza mpira redioni. Jumapili ninapofika na Ekaristi namkuta mzee amevaa shati la kola, na mkaza mwana wake ananitazama usoni akizungumza, jambo ambalo zamani hakulifanya.

Si kila nyumba mambo yanakwenda hivyo. Iko moja ambapo anayemwangalia mama ni mwanamke anayeishi na mwana wa mama huyo kwa miaka, watoto wapo, ndoa ya kanisani haipo. Mahari haijakwisha kule kwao bara, na pesa zote zinakwenda hospitali. Huyu hawezi kupokea, na anajua. Yeye ndiye anayemfumbulia mama mdomo, mimi naweka Hostia. Sina neno la kupunguza uzito wa jambo hilo na sitaki kulipunguza kwa upande wowote: nalipenda fundisho la Kanisa kuhusu ndoa, na nampenda mwanamke yule. Ninachoweza ni kusali naye kwa jina lake, si kwa jina la mama tu, na kumfikishia Padri habari. Parokia yetu imewahi kufungisha ndoa za pamoja, wachumba wengi Misa moja, keki moja, bila gharama ya ukumbi. Mwenyekiti wa jumuiya ameanza kuzungumza na wazee wa pande zote mbili kuhusu mahari. Mazungumzo hayo ni ya taratibu sana. Wazee wa kwao walipoambiwa ni nani anayemgeuza mama yule usiku, walinyamaza kwa muda, na mmoja akasema suala hili lirudishwe kikaoni.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi siwezi kufanya, na watu hunitaka nikifanye: Mpako wa Wagonjwa. Huo ni wa padri. Mafuta yake hubarikiwa na Askofu Mkuu katika Misa ya Krisma, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu mjini, kisha kila parokia hubeba ya kwake, na ni baraka ileile hata kwa mgonjwa aliye ndani ndani kabisa Kwale au Taita-Taveta. Nawasihi sana wenye wagonjwa: msingoje pumzi za mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulisema tangu 1963 kwamba sakramenti hii si ya walio kufani peke yao. Mtu akianza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umeshafika, na ugonjwa ukizidi anaweza kupakwa tena. Bado nakuta nyumba ambako Padri akionekana getini watu wanaanza kulia. Tarehe 11 Februari, siku ya Bikira Maria wa Lurdi, ambayo Papa Yohane Paulo II aliifanya Siku ya Wagonjwa Duniani, huwa tunawaleta kanisani wanaoweza kuletwa, kwa tuktuk na magari ya waumini, na Padri anawapaka mbele ya wote. Kwa mwaka ujao nimeomba kitu kimoja kwenye baraza la parokia: wagonjwa wakishapakwa, wanaowaangalia nao waitwe mbele, waombewe, na Padri awabariki. Limekubaliwa.

Basi kama uko parokia ya Mombasa na una mgonjwa nyumbani, fanya hivi. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya yako au katekista katikati ya juma, usingoje Jumapili asubuhi. Nyumbani andaa meza ndogo au stuli, kitambaa cheupe safi, msalaba, mshumaa, na glasi ya maji na kijiko. Televisheni izimwe. Kama mgonjwa humeza kwa shida, tuambie mlangoni kabla hatujaanza. Usihangaike kupika chai ya mgeni, mhudumu hatakaa, ana nyumba nyingine inayomngoja. Wewe unayemwangalia, kaa karibu ili usali nasi, na kama unataka kupokea au kuungama, sema. Na unapompa katekista karatasi, andika majina mawili: la mgonjwa na lako.